Boliti Nane za Kila Jumatano

Shemeji yangu si mtu wa maneno. Ukimsalimia atakujibu, ukimuuliza zaidi ataanza kukagua tairi. Kwa miaka kumi na tisa amemwendeshea tajiri mmoja wa saruji pikapu ya milango minne, mmoja umefungwa kwa waya. Mimi nilimwona mwanamume mkavu kabisa, na dada yangu alijua, maana sikumficha.

Kisha dada akatolewa uvimbe mgongoni. Ikawa kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, lazima arudi hospitali kuchomwa dawa. Tajiri alikubali tutumie pikapu, bora Ijumaa asubuhi iwe kazini. Lakini propela ya nyuma, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imepinda. Gari likishika mwendo lilitetemeka lote. Saruji hailalamiki. Dada siku ya kwanza alifika ameuma kitambaa chake mpaka kimetoboka.

Shemeji alimwomba tajiri propela nyingine. "Gari linatembea, halitembei?" tajiri akamuuliza. Linatembea. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatano kabla ya safari ya pili, shemeji alitoka kazini, akatandika gunia uani, akaingia uvunguni mwa gari na spana. Akafungua boliti nane, nne mbele na nne nyuma, akaivuta propela nje na kuilaza ukutani. Nikamuuliza kama kichwa chake kiko sawa.

"Hii ni fowili, shemeji, magurudumu yote manne yanaweza kuvuta," akasema. "Nikiweka ile gia ndogo, litavutwa na miguu ya mbele. Ni kwa muda tu."

Huo muda tu ulichukua miezi saba. Kila Jumatano ya safari anafungua, kila Ijumaa alfajiri anafunga, kwa sababu bila propela pikapu haiwezi mzigo wa saruji.

Na usidhani mambo yalikwenda kama maji. Hospitali iko juu ya mwinuko wa kokoto. Siku ile ya kwanza bila propela, tairi za mbele zilizunguka bure, vumbi likatufunika. Shemeji akalirudisha gari chini taratibu, akaligeuza, akapanda kwa rivasi. Alisema hivyo uzito unakaa kwenye miguu inayovuta. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Mlinzi wa geti akampa jina pale pale: Kinyumenyume. Mimi niliuficha uso kwenye mkoba. Dada naye alicheka, mara ya kwanza tangu apasuliwe.

"Mgongo sijausikia kabisa," alisema.

Basi nikaacha kumbishia. Lakini nilimwona mtu anavyoisha. Viwiko vilijaa makovu, macho yaliingia ndani, na mezani alisinzia na tonge mkononi. Alichoka, na sisi wote tukauzoea uchovu wake.

Jumatano moja wapakiaji wawili hawakuja kazini, akapakua saruji mwenyewe mchana kutwa. Alifika nyumbani, akaketi kizingitini avue viatu, akalala na kiatu kimoja mkononi. Alipozinduka akaanza kupapasa spana.

"Lala, shemeji," nikamwambia. "Siku moja tu. Atavumilia."

Nani aliniuliza? Alitazama mlango wa chumba chao, akanitazama mimi, akaenda kulala.

Kesho yake tulisafiri na propela mahali pake, gari likitetemeka lote. Mwinuko tuliupanda uso mbele kama watu wenye akili zao, na mlinzi akashangilia: "Leo Kinyumenyume kajua kuendesha!" Nilipofungua mlango, dada hakuweza kushuka. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Muuguzi alimpeleka ndani kwa kiti cha magurudumu. Shemeji hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliweka mawe kwenye tairi, akatoa spana chini ya kiti cha gari, akalala juu ya kokoto na shati lake la kwendea hospitali.

"Wewe! Hapa si gereji!" mlinzi akafoka.

"Muache!" nikamrukia. "Muache kabisa!" Maskini, hasira zote nilizokuwa nazo juu yangu mwenyewe zilimwangukia yeye.

Safari nyingine zote dada alikaa ndani mpaka saa nane. Siku hiyo alirudi upesi, muuguzi akimsukuma, bahasha mapajani. Mumewe alionekana miguu tu.

"Toka huko," dada akamwambia.

"Zimebaki mbili."

"Daktari kasema nisirudi tena."

Spana ikanyamaza. "Umepona?"

Dada aliinyoosha bahasha kwa viganja, mara mbili, ingawa haikuwa na kunjo.

"Hapana. Kasema dawa haisaidii tena. Nikapumzike nyumbani."

Muuguzi akatazama pembeni. Mimi nikasubiri shemeji atoke amkumbatie mkewe, au alie, au afanye lolote ambalo watu hufanya. Hakutoka. Tukasikia spana inashika boliti, inateleza, inashika tena.

"Nisubiri kidogo, mke wangu," alisema kutoka chini. "Kuna njia nzima ya kurudi."