Kitunguu Saumu Nilichokilima Kama Mpunga

Aibu hii ningeizika, lakini hapa Garsen nikinunua kitunguu sokoni bado wananiuliza kama naenda kukiogesha, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe.

Mafuriko yalichukua nyumba yangu kule kijijini Wema, nikahamia hapa Garsen na binti yangu Dhahabu na huu mdomo, na ni mdomo ulioniponza. Dhahabu alipochumbiwa niliwaambia wakwe kwamba pilau ya harusi itaungwa kwa kitunguu saumu cha uani kwangu (nani alinituma?), tena waje wanione nikiking'oa. Nilitaka wajue hawaoi kwa mtu wa kuhurumiwa.

Mara majani yakaanza kuwa ya njano. Shemeji yangu Komora, na namtaja kwa sababu mpaka leo hajaniomba radhi, akaja akatazama, mikono nyuma kama bwana shamba, akasema hiyo ni kiu. Sisi watu wa mpunga, na shule niliiacha mapema, basi nikazungushia tuta, nikajaza maji asubuhi na jioni, na kadiri majani yalivyozidi kulegea ndivyo nilivyozidi kumimina.

Siku ya wakwe nikavaa leso mpya, nikashika shina mbele ya wote, nikavuta. Likaja jani tupu. La pili likaja na ute unaonuka kama panya aliyefia uvunguni. Shangazi wa bwana harusi akafunika pua.

"Mkwe, ndiyo pilau hii?"

Komora alicheka kuliko wageni.

Aliyeniokoa ni jirani yangu Halima, mama wa Kiorma aliyekuwa ameniletea maziwa ya wageni. Yeye hakucheka. Alichutama pembeni, pale kuku walipotoboa tuta maji yakawa hayakai, akafukua kwa kidole vitunguu vidogo vya duara, havijagawanyika punje, lakini vizima.

"Mama Dhahabu, hivyo vingine umevizamisha," akaniambia polepole. "Tena wewe, mtu wa mafuriko."

Nikacheka mpaka nikalia, na tangu mafuriko sikuwa nimefanya lolote kati ya hayo mawili. Shangazi naye akacheka, akavifunga vile vidogo kwenye pindo la leso yake, akasema vitaingia pilauni, na kweli viliingia.

Namshukuru Mungu, nawashukuru hata wale kuku. Siku hizi nachomeka kidole udongoni kwanza, nikikuta unyevu naiacha ndoo. Halima kila msimu namwekea fungu lake. Komora akija na ushauri, namwambia kama ni kiu, anywe yeye.