Mama wa Chumba cha Vielelezo

Mama anayetunza vielelezo katika ofisi yetu ya mashtaka huandika polepole, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo, na kila lakiri iliyofunga kielelezo huigusa kwa kidole gumba kama anayepima homa ya mtoto. Mwendesha mashtaka wa jumuiya ya nchi zetu alipokuja kuchukua kasha la dawa bandia zilizouzwa katika nchi tano, Mama alimpa kiti, akaisoma barua mara mbili, akamrudishia. "Mwanangu, hapa hapana sahihi ya jaji wa hapa nchini. Bila hiyo halitoki." Tukashangilia. Mkuu wetu akashuka kumpongeza, kisha akamnong'oneza, "Wakirudi, sema limepotea. Hatunyang'anywi kesi na wageni." Mama alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, na mkuu ndiye angesaini karatasi zake. Akavua miwani. "Bosi, nilimkatalia kwa sababu ya sahihi, si kwa ajili yako. Ikija, nampa." Mkuu akaondoka bila kuaga. Siku ya tatu sahihi ikaja. Mama akalibeba kasha mwenyewe hadi mezani, akamfungulia mgeni daftari. "Weka jina lako hapa," akasema, "na hapa andika tarehe ya kulirudisha."