Boga Lisilobingirika

Hadithi hii hamtaiamini, na mimi sijali. Nilisoma mpaka darasa la tano, tena nilikuwa wa kwanza kati ya watoto arobaini, kwa hivyo ninachoandika kimepita kwenye kichwa chenye akili. Shahidi ni shemeji yangu Obadiah mwenyewe. Ameshuka leo kutoka Mwanda kuchukua mabati yake yaliyobaki hapa kwangu Voi, na sasa ameketi nyuma yangu na chai, anasoma kila mstari kabla wino haujakauka.

Obadiah alimwoa dada yangu Wakio. Mwaka wa sabini na tatu Wakio alianguka na mzigo wa kuni akavunjika nyonga, nayo ikaunga vibaya. Sasa Mwanda mnaijua, ni milima mitupu. Kule hata kuku hutembea mguu mmoja juu, mmoja chini. Choo kiko juu ya nyumba, shamba liko chini ya nyumba, na kanisa liko mbali na vyote viwili. Wakio akawa wa kubebwa. Mwanamke mzima, mkali, anapelekwa chooni mgongoni kama mtoto wa mwaka mmoja! Siku moja akamwambia mumewe, "Baba Beth, nitafutie mahali tambarare nitembee mwenyewe kabla sijafa. Sitaki kingine."

Obadiah akauza shamba la chini, akashuka Voi kutafuta ploti. Mtu mwenye akili timamu anayenunua mahali pa kuishi huuliza maji, huuliza majirani, huuliza wezi. Obadiah alikuja na boga. Boga la mviringo kabisa, ndani ya kikapu. Kule kwao boga likikuponyoka, unaenda kuliomba kwa jirani wa tatu huko bondeni. Kwa hivyo kila ploti aliyoonyeshwa aliweka boga chini, akapiga magoti, akalitazama.

"Limesogea," anasema. "Hapa Wakio ataanguka. Twende."

Ploti sita alizikataa, nyingine ziko karibu na bomba la maji. Mafundi wa stesheni wakaanza kumwita Bwana Boga.

Ya saba ilikuwa ya Kilonzo, nje ya mji, upande wa mbuga. Ilikuwa Desemba, mvua imenyesha, kila mahali kijani, lakini katikati ya ploti ile palipita ukanda mpana, mweupe, mgumu kama sakafu ya benki, hauna hata jani. Obadiah akaweka boga. Likatulia. Akalisukuma kwa kidole, likazunguka mara moja, likatulia tena. Mzee mzima akatokwa na machozi.

"Nani amesawazisha hapa?"

"Mungu," Kilonzo akajibu, akatazama kando.

Palikuwa na mti mmoja, gome lake limesuguliwa mpaka linang'aa, limepakwa matope mekundu juu kuliko kichwa cha mtu. Obadiah akauliza ni nini. Mjuaji mmoja aliyekuwa pale akamwambia ni ng'ombe wa ranchi za Kishushe, wakipita hujikuna.

"Ng'ombe warefu hivyo?"

"Wanakula vizuri."

Basi akanunua, akajenga juu ya ule ukanda. Wakio akateremshwa Mwanda kwa machela, wanakwaya wakiimba. Alipowekwa chini alishika fimbo, akaenda kutoka mlangoni hadi jikoni, akarudi, akaenda tena. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake na akachelewa makusudi, ili watu wote wageuke wamwone anaingia. Mbegu za lile boga alizipanda kando ya jiko, zikatambaa, zikazaa.

Miezi minane.

Septemba maji yakakauka porini, na wenye barabara wakarudi barabarani kwao, wakielekea mtoni. Saa tisa mchana. Walianza na maboga. Walipomaliza maboga wakaendelea na safari, na jiko lilikuwa njiani. Wakio alikuwa ndani akipika. Alitembea, watoto wangu. Mahali tambarare, alitembea vizuri sana, lakini kukimbia hakuweza. Ukuta ukamwangukia ule mguu mwingine, ule mzuri.

Askari wa mbuga alikuja kesho yake, akatazama, akasema, "Mzee, umejenga katikati ya barabara. Ulitaka nani akupishe?"

Wakapandisha machela Mwanda. Safari hii hakuna aliyeimba. Sasa dada yangu anaketishwa mlangoni asubuhi, anaondolewa jioni, na mbele yake, chini kule, anaona uwanda wote wa Voi, umelala kama meza.

Na msiseme mjomba wenu alinyamaza. Siku ya kununua nilikuwepo. Niliutazama ule mti mara moja tu nikajua. Nikapiga magoti mbele ya Obadiah, nikalia, nikamwambia shemeji, hii ni njia ya ndovu, mara saba nilimwambia, mpaka sauti ikakauka, nikamshika shati nikasema usi

Obadiah ameweka kidole juu ya karatasi.

"Mara saba?"

"Shemeji, ngoja nimalize."

"Yule mjuaji wa ng'ombe wa Kishushe ana jina. Liandike."