Soda ya Wageni

Kabla sijaugua, mimi ndiye niliyekuwa tangazo la duka letu pale Mabatini. Biashara huria ilikuwa imeingia, kreti za soda zimepangwa hadi mlangoni, na mama alipenda nikae mbele, mnene, chupa mkononi, wateja wanifinye mashavu. Mdogo wangu alikuwa mwembamba kama njiti. Hakuna aliyemtazama.

Nilipofika darasa la saba nikawa na kiu isiyokatika, nakojoa kutwa kucha. Daktari akasema ni kisukari, ila si kile cha sindano: nimeze vidonge, nitembee, nipungue mwili, na soda marufuku. Mama aliuliza mara mbili kama majibu hayakuchanganywa na ya mtu mwingine. Kwetu sukari ilikuwa ugonjwa wa wazee.

Basi mdogo wangu akarithi kiti changu na soda zangu. Mimi nakula mchicha na samaki sato wa kuchemsha, yeye ananing'iniza miguu pale mbele na kubeua. Nilimwonea wivu hadi nikashindwa kula naye meza moja.

Nikapungua kweli. Lakini miaka ile mtu akikonda, majirani walimfikiria ugonjwa mmoja tu, na wateja wetu wengine wakahamia duka la jirani. Jumapili moja shangazi akaja kutoka Nansio na wenzake wa kwaya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akamgeukia mama. "Wifi, mtoto anakwisha hivi na wewe unamtazama tu?"

Mama aliona aibu. Akafungua soda ya chungwa, akanipa mbele ya wageni, waone kwamba sinyimwi kitu. Nilikuwa nimeshaipeleka mdomoni, mdogo wangu alipoipokonya, akainywa yote, hadi machozi yakamtoka. Mama alimzaba kofi palepale. Shangazi akamwita mroho, na jina likamganda.

Nilimfuata uani nalia kwa hasira. "Soda zote za duka ni zako, hata hii moja umeshindwa kuniachia?"

Akajifuta mdomo. "Naogopa utakufa," akasema. "Usimwambie mama, ataona nimemwumbua mbele ya wageni."

Wivu wa soda uliniishia pale. Lakini mpaka leo wakimwita mroho anacheka tu, na wivu mwingine unanipanda, maana ningekuwa mimi, ningeshajitetea siku ileile.