Nani Mkubwa Katika Sebule ya Vumilia

Vumilia alikuwa na miaka arobaini na moja alipoamua kuwa mwalimu. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee huko Sundbyberg, kwa Waswidi, tukiwaogesha na kuwalisha, na siku aliponiambia nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki.

Alitaka kuwafundisha Kiswahili watoto wetu, wale ambao mama huwauliza kwa Kiswahili nao wakajibu kwa Kiswidi bila hata kuinua macho. Wangu wawili ni hao. Wamekwisha kuwa watu wazima, na mimi nilichelewa. Labda ndiyo maana masomo ya Vumilia yalinishughulisha kuliko mambo yangu mwenyewe.

Vuli ya mwaka 2010 ulibaki mtihani mmoja. Chuo kilimtaka abuni kozi ya mtandaoni na kuiendesha kwa wiki mbili, akiwa na watoto kumi na wawili waliotawanyika kuanzia kitongoji cha Märsta hadi cha Husby. Wanane wakifika somo la pili, amefaulu. Wasipofika, angerudia mwaka mzima, na ile nafasi ya kazi aliyokwisha kuahidiwa ingekwenda kwa mtu mwingine.

Wenzake chuoni walitengeneza kurasa zenye maswali na alama. Vumilia alichora sebule. Aliichora kwa mkono, akaipiga picha na kuiweka mtandaoni: makochi yenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai, kalenda ya kanisa ukutani. Mtoto akiingia, anarekodi sauti yake na kuwaamkia waliomo. Mlango wa chumba cha pili, penye somo la pili, haukufunguka mpaka uwe umesalimiana na kila mtu. Na aliandika sheria tuliyolelewa nayo sote: mdogo ndiye anayeanza, mkubwa huitikia.

Siku ya kwanza watoto wote kumi na wawili waliingia. Hakuna aliyesema neno. Siku ya pili, kimya. Siku ya nne tulikuwa tumekaa kwenye chumba cha chakula kazini, kompyuta yake katikati ya sahani zetu. Ilionyesha nani ameingia na amekaa dakika ngapi. Waliingia, wakakaa, wakatoka.

"Wamenichukia," alisema Vumilia.

Simu yake ikalia. Alikuwa Adrienne, Mkongo wa Husby, mama yake Aurore.

"Dada Vumilia, hawa watoto wengine hawana adabu? Aurore anangoja tangu Jumatatu."

"Anangoja nini?"

"Anangoja wamusalimie! Ana miaka kumi na mbili, ni yeye mukubwa. Sisi kwetu tunasalimiana 'jambo' tu, lakini kama ni shikamoo, basi apewe yake."

Vumilia alikata simu, akapigia wazazi wengine watatu. Kila nyumba mtoto alikuwa ameambiwa akae atulie, yeye ndiye mkubwa, wenzake watamwamkia. Chuo kilikuwa kimekataza kuweka umri wa watoto mtandaoni, naye alikuwa ametii. Basi alikuwa amewakusanya watu kumi na wawili sebuleni, kila mmoja akingoja heshima yake, na hakuna aliyejua ampe nani.

Alimpigia Birgitta, mwalimu wake wa chuo, naye akampa ushauri mwepesi: "Ondoa kufuli. Waende moja kwa moja somo la pili, utafaulu."

Alikuwa anasema kweli. Kidole cha Vumilia kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nilimwambia, "Bonyeza, dada. Mtihani ni mtihani."

"Nikiondoa, watapita kimya kama wanavyopita kwenye treni," alisema. "Hiyo si sebule."

Hakubonyeza. Aliwasha kinasa sauti akasema: "Wanangu, humu ndani hakuna ajuaye mkubwa ni nani. Tafuteni wenyewe. Kwa Kiswahili."

Jioni ile Akili wa Märsta alianza. "Mimi nilizaliwa mwezi wa pili. Njooni muniamkie."

"Mwezi wa pili wa mwaka gani, we mtoto?" Huyo alikuwa Aurore. "Wakati huo mimi nilikuwa na meno tayari."

"Nyie nyote wadogo zangu," alidakia Clement wa Sundbyberg. "Mimi nina ndevu."

"Ndevu za maziwa! Kapanguse mdomo!"

Kesho yake wakaanza kuleta mashahidi. Kambale, baba yake Aurore, alisikika nyuma ya binti yake akieleza jinsi alivyomkimbiza mkewe hospitali kumzaa Aurore, kwa pikipiki, huku mvua inanyesha. Msichana mmoja alimhoji bibi yake kwa simu. Mama yake Akili aliimba wimbo aliombembelezea. Watoto ambao wazazi wao waliapa kwamba wana wao hawajui Kiswahili walibishana kwa Kiswahili siku sita, kibovu, cha Kongo, cha Tanga, cha kuokoteza, lakini chao.

Mwisho ikabainika kwamba mdogo kuliko wote ni Clement. Aliona haya siku nzima. Kisha akaja na "Shikamooni nyote!" ya haraka haraka, wakamkatalia. Mmoja mmoja! Akawaamkia kumi na mmoja, nao wakaitikia kwa maringo kama wakwe. Kisha akafuata aliyemzidi kidogo, na wa juu yake, mpaka kila mmoja akawa amesalimiana na wenzake.

Mlango ukafunguka kwa wote kumi na wawili.

Siku ya kuwasilisha nilikaa nyuma ya darasa. Vumilia alizipiga zile sauti. Birgitta hakuelewa hata neno moja, ila alisikiliza mpaka mwisho, na kicheko cha watoto kilipojaa chumbani naye alicheka.

"Ulikataa ushauri wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Safari ijayo utabadilisha nini?"

Vumilia alifikiri. "Nitaongeza makochi."

Birgitta aliandika "amefaulu" palepale, mbele ya darasa zima. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Vumilia alitembea mpaka kituoni koti likiwa wazi, akiongea kwa sauti kubwa kwenye simu na mkuu wa shule ya Husby iliyomwahidi kazi, akiuliza aripoti lini.