Walipigia Vigelegele Tumbo la Maji

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyalainishe. Wakwe zangu wanasoma huu ukurasa, na ninataka wasome.

Niko mwanamke wa miaka thelathini na mbili, hapa Kalemie. Nilizaliwa Kabalo, nikaolewa huku. Nina mutoto mumoja, Riziki, wa miaka sita. Tangu azaliwe, mama mukwe ananiuliza mbele ya watu nani alinifunga tumbo.

Mwaka jana nikaanza kuchoka. Kutoka sokoni napumzika mara tatu. Miguu ikavimba, kisha tumbo, na damu ya mwezi ikapotea. Nikasema ninaumwa. Mama mukwe akacheka, "Ni mimba hiyo!" Akatangaza kanisani, wamama wakapiga vigelegele. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Siku moja nikaanguka jikoni. Hospitalini dokta akapitisha mashine ya ekografi, ile ya kuona ndani ya mwili, tumboni, akaipandisha kifuani, akakaa nayo hapo muda murefu. "Mama, hapana mutoto. Ni maji. Ugonjwa uko kwenye moyo."

Nikamuuliza moyo na tumbo vinakutana wapi.

"Moyo wako unasukuma damu, shida ni kuipokea. Nyama ya vyumba vya chini imekuwa ngumu, haitanuki tena. Damu ikikosa nafasi inarudi nyuma, njo maana maji yanajaa miguuni na tumboni." Akanipa dawa za kukojoa, akanikataza chumvi. Akasema ugonjwa hautaisha, lakini nikijitunza nitaishi nao.

Bwana yangu alikuwa amesimama pale. Alisikia kila neno. Tulipofika nyumbani mama yake akauliza mimba inasemaje. Akajibu, "Sijui, Mama. Muulize yeye."

Nikaeleza mwenyewe, hakuna aliyenisikiliza. Dawa zikafanya kazi, tumbo likashuka kwa wiki mbili. Huo ukawa ushahidi wao. "Mimba imeenda wapi? Amekula mutoto wetu!" Sasa majirani wanaita watoto wao ndani nikipita. Wifi yangu anajaza chumvi kwenye mboga makusudi, eti tuone kama huo moyo ni kweli.

Jumapili hii wanataka nisimame kanisani niungame uchawi. Nikikataa, nirudi Kabalo peke yangu, Riziki abaki kwao. Bwana yangu ananibembeleza, "Sema tu, Mama Riziki. Ni maneno, yatapita."

Wale wasiojua moyo unavyougua naweza kuwasamehe, hata mimi sikujua. Yeye alijua. Kila nikimwekea chakula mezani natamani kimukwame kooni.

Nikiungama, nabaki na mutoto wangu, naye atakua akiamini nilimla ndugu yake. Nikikataa, nampoteza. Mungekuwa mimi, mungesimama muungame, ao mungekaa mukatae? Musinijibu kwa maombi, nijibuni kwa akili. Leo ni Alhamisi.