Mnong'ono wa Bibi Petrona

Juzi kwenye basi la Hyattsville, hapa Marekani, msichana mmoja aliongea Kimaya, lugha ya wenyeji wa asili wa Guatemala, kwenye simu, bila kificho, na pua yangu ikakumbuka mahindi yaliyochemshwa na chokaa.

Utotoni, Mama akiwa kazini, nilikuwa nikishinda kwa jirani yetu Mguatemala, Bibi Petrona. Huku akipigapiga chapati zake za mahindi, aliniongelesha Kimaya kwa kunong'ona. Nilidhani ni mchezo wetu wa siri. Alasiri moja binti yake alipoingia, nikamsalimia kwa lugha ile, kwa maringo.

"Mama, tulikubaliana Kihispania tu," binti alisema. "Unataka tudharauliwe hata huku?"

Sikujua kwamba Wahispania waliowatawala mababu zake ndio walioigeuza lugha hiyo kuwa aibu. Niliona tu Bibi akinitazama kana kwamba nimemsaliti.

Kesho yake alinisalimia kwa Kihispania, kwa sauti kubwa, kama alivyosalimia watu wengine wote.